Kununua kitabu cha lugha ya kigeni kwa muuzaji mwenye majibu ya mkato: mwongozo kamili

Nilimkabidhi muuzaji kikaratasi chenye jina la mwandishi: Tchekhov. Alikishika kwa ncha za vidole viwili, akalisoma jina kwa sauti ili mwenzake wa kaunta ya pili asikie, wakacheka. Akagonga herufi kwenye kompyuta, akasubiri kidogo, akasema, "Huyo hayupo. Jifunze kuandika kwanza." Nilikuwa natafuta hadithi fupi za Kirusi zenye tafsiri ukurasa wa pili, kitabu changu cha kwanza cha Kirusi cha kusoma bila mwalimu. Nilitoka bila kusema neno, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaapa kwamba mimi na Kirusi basi.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea pale. Mwandishi huyo kwa Kifaransa huandikwa Tchekhov, kwa Kiingereza Chekhov, kwa Kijerumani Tschechow, kwa Kihispania Chéjov. Mimi nilikuwa nimemnakili kutoka jalada la Kifaransa, na kompyuta ya duka ilimjua kwa tahajia ya Kiingereza. Kitabu kilikuwepo muda wote, rafuni, kwenye herufi C. Kwa hiyo siku ile yalinikuta mambo mawili kwa mpigo: tatizo la tahajia, ambalo dawa yake ni maandalizi, na dharau, ambayo dawa yake ni nyingine kabisa. Nilipoyachanganya nilishindwa yote mawili. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na kuyatenganisha.

Na nalichukulia jambo hili kwa uzito. Mtu anayejifunza lugha huingia dukani akiwa na ujasiri mdogo tu, aliouchanga kidogo kidogo. Neno moja baya kaunta linaweza kumfungia mlango wa lugha nzima.

Hatua ya 1: Nenda na namba

Nyuma ya kitabu, juu au chini ya ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, kuna namba ya ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu. Tangu mwaka 2007 namba hii ina tarakimu 13, na huanza na 978 au 979. Kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Muuzaji akiigonga kwenye kompyuta, hahitaji kujua Kirusi, Kijapani wala Kireno. Hahitaji kutamka kitu. Ndiyo maana nasema namba ni nusu ya ulinzi wako: inamwondolea muuzaji aibu ya kutojua, na watu wengi hugeuka wakali pale wanapoona wanakaribia kuaibika.

Tarakimu zinazofuata 978 huonyesha kitabu kimesajiliwa katika kundi lipi: 0 na 1 ni nchi zinazotumia Kiingereza, 2 Kifaransa, 3 Kijerumani, 4 Japani, 5 Urusi na nchi nyingine za iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, 7 China, 84 Hispania, 88 Italia. Ukitafuta riwaya kwa Kifaransa chenyewe na namba uliyoandika inaanza 978-0, simama kidogo uangalie tena. Huenda umenakili namba ya tafsiri ya Kiingereza. Kila tafsiri ina namba yake, na hata kitabu kilekile kikitoka kwa jalada gumu, jalada laini na cha kielektroniki, kila umbo lina namba yake.

Kuna mtego mmoja ambao umewarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. Ukikuta namba ya zamani yenye tarakimu 10, usibandike tu 978 mbele. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, nayo hubadilika. Chukua mfano wa 0306406152. Ondoa ile 2 ya mwisho, weka 978 mbele, upate 978030640615. Sasa zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyohivyo hadi mwisho, kisha jumlisha. Utapata 93. Ili kufika 100, yaani namba inayogawanyika kwa 10, inahitajika 7. Namba kamili ni 9780306406157. Ungeacha ile 2 mwishoni, kompyuta ingekataa na muuzaji angekwambia kitabu hakipo duniani, naye angekuwa anasema kile anachokiona kwenye skrini. Hesabu hiyohiyo hukusaidia kugundua kama umekosea tarakimu wakati wa kunakili.

Pamoja na namba, andika jina la kitabu kwa lugha yake, jina la mchapishaji, mwaka wa toleo, na kama unataka jalada gumu au laini. Andika kwa herufi kubwa, karatasi nzima kwa kitabu kimoja. Simu inatosha ikiwa skrini yake haizimiki kila baada ya sekunde kumi, maana hakuna kinachomuudhi muuzaji mwenye foleni kama mteja anayefungua simu mara tatu.

Hatua ya 2: Majina na tahajia zake

Kwa waandishi wa Kirusi, Kiarabu, Kichina na lugha nyingine zisizotumia herufi zetu, andaa tahajia mbili au tatu. Kwa Kihispania, kumbuka majina mawili ya ukoo: Gabriel García Márquez huwekwa kwenye G, na ukimtafuta kwenye M utatoka ukidhani duka halimjui. Kwa Kijapani, Kichina na Kihungari, jina la ukoo hutangulia, na wachapishaji wa nje wengine huligeuza na wengine huliacha. Kwa Kijerumani, ö huweza kuandikwa oe, na kompyuta nyingine huisoma kama o tu. Jaribu zote. Kwa Kiswidi, å, ä na ö huja mwisho kabisa wa alfabeti, baada ya z, kwa hiyo rafu iliyopangwa na mtu anayeijua lugha hiyo itakupoteza kama hujui.

Majina ya vitabu nayo husafiri vibaya. Riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942, *L'Étranger*, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1946 kwa majina mawili, moja kwa Uingereza na jingine kwa Marekani. Mteja anayetaja moja kwa muuzaji anayejua lingine anaweza kubishana naye dakika tano, na wote wawili wakawa sahihi. Hapo ndipo namba inapookoa amani.

Hatua ya 3: Chagua saa, na ujue unamtaka nani

Piga simu kabla ya kwenda. Usiulize "mna vitabu vya Kijerumani?" kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana, na hapana ni rahisi zaidi. Uliza: "Nani anashughulikia vitabu vya lugha za kigeni, na yuko zamu siku gani?" Katika maduka mengi kuna mtu mmoja anayeijua rafu hiyo, na wengine huiogopa. Ukimpata yule mmoja, nusu ya mwongozo huu hutauhitaji.

Epuka saa za kufunga, na epuka msimu wa wanafunzi kununua vitabu vya kiada. Asubuhi ya katikati ya wiki ndiyo nzuri. Hayo ni madogo.

Hatua ya 4: Tafuta mwenyewe kwanza

Dakika tano rafuni kabla ya kuuliza hubadilisha mazungumzo yote, kwa sababu unaweza kusema umeangalia wapi. Fahamu kwamba maduka hutenganisha vitabu vya kujifunzia lugha, yaani kamusi, sarufi na mazoezi, na fasihi iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Mara nyingi viko kuta mbili tofauti, wakati mwingine ghorofa mbili tofauti. Vitabu vya watoto vya lugha ileile huwa mahali pa tatu.

Angalia migongo ya vitabu. Maandishi ya mgongo wa kitabu cha Kiingereza hushuka kutoka juu kwenda chini, na ya Kifaransa kwa kawaida hupanda kutoka chini kwenda juu. Ukiona shingo inabidi ipindie upande wa pili, umefika kwenye rafu ya Kifaransa kabla hujasoma neno hata moja. Vitabu vya Kiarabu, vya Kiebrania na vya Kijapani vinavyoandikwa wima hufunguliwa kutoka upande ambao wewe unauita nyuma. Nimewahi kuona vitabu vya Kiarabu vimepangwa vyote majalada ya mbele yakiangalia ukuta, kwa sababu aliyevipanga aliona huo ndio upande sahihi. Sikumlaumu. Nilimwomba ruhusa nikavigeuza vitatu, na tangu siku hiyo yule kijana alikuwa akiniita nikifika.

Hatua ya 5: Sentensi za kwanza

Salimia kabla ya kutoa shida yako. Subiri aitikie. Mtu anayeitikia salamu ameshakutambua kuwa mtu, na ukali unakuwa mgumu kidogo kwake. Kisha sema jambo moja, ukimwekea karatasi mbele:

"Habari za kazi, dada. Natafuta kitabu hiki, namba yake ndiyo hii. Rafuni nimeangalia sijakiona. Naomba uniangalizie kama kipo stoo au kinaweza kuagizwa."

Basi. Usieleze kwa nini unajifunza lugha hiyo, umeanza lini, na shangazi yako anaishi wapi. Najua inavutia, hasa ukiwa na wasiwasi, lakini maelezo marefu hufungua mlango wa maoni, na maoni ndiyo usiyoyataka.

Usionyeshe umahiri wa matamshi pia. Akilitamka jina vibaya, mwache. Akikusahihisha wewe vibaya, mwonyeshe karatasi tu. Umekuja kutafuta kitabu, na kaunta si mahali pa mtihani wa fonetiki kwa yeyote kati yenu.

Hatua ya 6: Tambua ni ukali wa aina gani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa miaka. Tunakuta uso umekunjwa, tunaamua ni dharau, tunajibu kama tuliodharauliwa. Lakini nyuma ya uso uleule mnaweza kuwa na mambo manne.

La kwanza ni uchovu. Muuzaji aliyechoka ni mkali kwa kila mtu. Mwangalie anavyomhudumia aliye mbele yako. Kama naye amejibiwa kwa mkato, hilo halikuhusu wewe wala lugha yako.

La pili ni kutojua. Dalili yake ni haraka: anasema "hatuna" kabla hajaangalia, macho yake yanakimbia karatasi, sauti inapanda. Mtu huyu anaogopa kwamba ataombwa atamke au aelewe asichokijua. Mpunguzie mzigo: mwambie, "Huhitaji kulisoma jina, namba peke yake inatosha." Nimeona mabega yakishuka kwa sentensi hiyo moja.

La tatu ni kanuni za duka, na hili huumiza wateja bila sababu. Unaambiwa ulipe kwanza ndipo kitabu kiagizwe, na kwamba kikija hakirudishwi. Inasikika kama kutoaminiwa. Ukweli ni kwamba vitabu vingi vya ndani, duka likishindwa kuviuza, huweza kurudishwa kwa mchapishaji, ilhali vya kutoka nje mara nyingi hununuliwa bila haki hiyo. Usipokuja kukichukua, riwaya ya Kifini itakaa stoo milele kwa hasara ya duka. Au unaomba upunguziwe, unajibiwa "haiwezekani" kwa ukavu. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1981 inazuia duka kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, na Ujerumani ina sheria ya bei moja ya vitabu ya mwaka 2002. Anayekunyima punguzo huko huenda anatii sheria tu. Hata nailoni inayofunika kitabu: uliza kama wana nakala iliyofunguliwa kabla hujakasirika kwamba umekatazwa kuichana.

La nne ndilo dharau yenyewe. Dharau huuliza maswali yasiyohusu kitabu. "Hiki utakisoma wewe?" "Unajua bei yake lakini?" "Vya watoto viko kule." Dharau huzungumza na mwenzako mliyeingia naye kana kwamba wewe hupo. Inakufuata rafuni huku wengine wanaachwa wazunguke, na inakupandisha na kukushusha kwa macho kabla hujafungua mdomo. Ukiona hivyo, usijidanganye kwamba ni uchovu. Una haki ya kuliita kwa jina lake, angalau moyoni mwako, kwa sababu utahitaji utulivu wa mtu anayejua kinachoendelea.

Hatua ya 7: Maneno ya kujibu

Kanuni ninayoitumia ni kurudi kwenye ombi. Kila linalosemwa pembeni, lijibu kwa neno moja au uliache, kisha rudia ombi lako kwa sauti ileile uliyoanza nayo. Sauti ileile ndiyo kazi ngumu. Ukiipandisha, mjadala unahama kutoka kitabu kwenda tabia yako, na mashahidi wa foleni watakumbuka kelele zako tu.

Akisema "hatuna" bila kuangalia:
"Sawa, kaka. Naomba tu uangalie kwa namba kabla sijaondoka."

Akiuliza kama utakisoma:
"Ndiyo. Naomba uniangalizie kama kipo."
Usiseme lolote zaidi ya hapo. Hudaiwi cheti. Hata kama huwezi kukisoma bado, hata kama ni zawadi, hata kama unataka kukitazama tu kwa miaka mitatu hadi lugha ikufungukie, hilo ni lako.

Akikuelekeza kwenye vitabu vya watoto au vya wanaoanza bila kuulizwa:
"Asante, nitavitazama baadaye. Kwa sasa natafuta hiki."
Na ukivitaka kweli, vitazame bila kuona haya. Vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi ni njia nzuri sana ya kuanza kusoma, na ni kosa kuviacha kwa sababu tu aliyevitaja alivitaja kwa kejeli.

Akicheka matamshi yako, nyamaza, mtazame, hesabu moja mbili tatu, kisha sogeza karatasi karibu naye. Kicheko kisichopata mwenzake huisha chenyewe. Mimi siku ile ya Tchekhov nilicheka nao, na hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yake.

Ukiwa ugenini, unaongea lugha yao na muuzaji anakurudishia kwa lugha nyingine kwa sauti ya kukukatia tamaa, sema: "Naomba tuendelee kwa lugha hii, polepole." Wengi hubadilika hapo hapo, kwa kuwa walidhani wanakusaidia.

Mambo mawili usiyafanye. Usimtukane kwa lugha unayodhani haielewi, maana dukani hapo huenda aliye nyuma yako anaielewa. Na usitaje mshahara wake wala elimu yake. Ukimdharau kwa kazi yake, umeshaungana naye katika kilekile ulichokuja kukikataa.

Ukirudia ombi mara mbili na bado hakuna msaada, acha mara ya tatu. Sema, "Nashukuru. Naomba kuongea na msimamizi wa zamu." Kisha ondoka kaunta, usimame pembeni, umsubiri.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya kulipa

Baada ya mvutano, mtu hutamani alipe aondoke. Hapo ndipo unapofika nyumbani na kitabu kisicho chako. Chukua muda wako, hata kama kuna mtu anagonga kalamu kwenye meza.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo mwanzoni au mwishoni. Soma mwaka na toleo. Kitabu cha Kifaransa kikiandikwa *traduit de*, ni tafsiri kutoka lugha nyingine. *Abrégé* ni kilichofupishwa, na kwa Kijerumani ni *gekürzt*. Yaliyomo katika vitabu vingi vya Kifaransa huwa mwisho, kwa hiyo usidhani kurasa zimenyofoka. Kama ni kamusi, angalia inaenda pande zote mbili au upande mmoja tu. Kama ni cha Kichina, angalia ni herufi zilizorahisishwa au za jadi. Kama ni cha Kireno, ni cha Brazili au cha Ureno. Kama ni cha Kiserbia, ni kwa herufi za Kikirili, kama za Kirusi, au za Kilatini.

Vitabu vya kujifunzia vina mitego yake. Ngazi za ujuzi wa lugha, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya wabobezi, zinatokana na mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, na kitabu kinachosema A2 mara nyingi humaanisha kwamba kitakufikisha A2, kikidhani A1 umeimaliza. Angalia kama majibu ya mazoezi yamo ndani au yanauzwa kwa kitabu tofauti. Angalia kama sauti zinapatikana kwa msimbo, na kama msimbo huo umeshakwanguliwa na mtu mwingine.

Mwisho pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa vifungu, mara nyingi vya kurasa 16 au 32. Kiwanda kikikosea, kifungu kizima hukosekana, hurudiwa au huingia kichwa chini. Katika lugha unayoijua vizuri utaligundua kosa baada ya sentensi moja. Katika lugha unayojifunza unaweza kuruka kutoka ukurasa wa 64 hadi wa 81 ukidhani ni wewe ndiye hukuelewa hadithi.

Hatua ya 9: Ukiagiza, pata maandishi

Makubaliano ya mdomo na muuzaji asiyekupenda hayana mguu. Omba karatasi yenye namba ya ISBN, bei, kiasi ulicholipa, tarehe kitabu kinapotarajiwa, na nini kitatokea kisipokuja. Isome namba hapo hapo, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na yako. Uliza pia: bei ikibadilika kabla hakijafika, nani atabeba tofauti? Risiti ipige picha, kwa sababu wino wa risiti nyingi hufifia.

Hatua ya 10: Kulalamika kwa njia inayosikika

Uchovu usiulalamikie. Kutojua kutaje kwa upole, kama ushauri. Dharau iandikie.

Andika siku ileile, wakati maneno bado yako masikioni. Weka tarehe, saa, kaunta, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, bila kuyaongezea chumvi. Kisha omba jambo moja au mawili yanayowezekana. Kwa mfano:

"Leo saa tano asubuhi, kwenye kaunta ya vitabu vya lugha, niliomba kitabu chenye namba iliyo hapo juu. Mhudumu aliniuliza, 'Hiki utakisoma wewe?' Nilirudia ombi langu mara mbili, naye hakuangalia kama kitabu kipo. Naomba mniangalizie kitabu hicho, na naomba mhudumu huyo aelekezwe namna ya kumpokea mteja. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi."

Barua kama hiyo meneja hawezi kuipuuza kwa kusema ulikuwa na hasira, kwa kuwa hasira haimo. Nakusihi usiweke jina wala picha ya mhudumu mtandaoni. Adhabu ya umma kwa mtu wa kaunta huwa kubwa kuliko kosa lake, na haikupatii kitabu.

Kama ulinyimwa huduma kwa sababu ya asili yako, rangi yako au dini yako, hilo limevuka mipaka ya adabu mbaya. Nchi nyingi zina sheria juu yake. Uingereza, kwa mfano, ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayowahusu pia wateja wa maduka. Hapo tunza kila karatasi, na omba jina la shahidi kama yuko tayari kulitoa.

Hatua ya 11: Kurudi, au kutorudi

Unaweza kuhamia kwingine: duka lingine, mchapishaji mwenyewe, wauza vitabu vya mtumba, au maktaba zinazoazimana vitabu. Kwa mtumba kumbuka kwamba vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN, hivyo andika mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mji na mwaka. Ukikuta namba ya tarakimu 9 kwenye kitabu cha Uingereza cha mwishoni mwa miaka ya 1960, weka 0 mbele, itakuwa ISBN ya tarakimu 10.

Mimi nilirudi. Ilikuwa baada ya miezi, asubuhi, na karatasi yenye namba. Yule muuzaji alikuwepo. Nilimsalimu, akaitikia kwa shida, nikamwekea karatasi. Alipoona tarakimu tupu hakuwa na la kuchekea. Aligonga, akasoma skrini, akaninyooshea kidole kuelekea rafu ya C. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Mwenzake wa kaunta ya pili ndiye aliyeniletea kigoda ili nifikie rafu ya juu, akasimama akikishikilia hadi niliposhuka. Jioni ile niliandika barua ya mistari mitatu kwa meneja nikimtaja huyo wa kigoda kwa jina lake, lililokuwa kwenye beji.